Uso si Ua

Ukisimama Kikopey ukiipa kisogo barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, utaona ng'ambo ya Ziwa Elmenteita kilima chenye umbo la mtu aliyelala chali. Paji la uso lipo, pua ipo, kidevu kipo, na kifua nacho kimeinuka. Wamaasai wamemwona hapo morani aliyejinyoosha kupumzika. Walowezi wa Kiingereza waliona pua ya Lord Delamere, bwana wa ranchi ya Soysambu inayopakana na ziwa hilo, na mpaka leo waongoza watalii hutaja majina yote mawili, kila mgeni achague lake. Mwamba ni uleule.

Nyuma ya mtazamaji kuna moshi. Kikopey ni kituo cha nyama choma kinachojulikana na kila anayesafiri kwenda magharibi mwa Kenya: vijana wa hoteli hupungia magari mikono karibu waingie barabarani, mapaja ya mbuzi yananing'inia, mizani iko tayari na kachumbari inakatwa. Dereva wa lori, familia inayorudi Nairobi kutoka Eldoret, mwanasiasa na msafara wake, wote huchagua kipande chao, hupimiwa kwa kilo, kisha husubiri. Kusubiri huko ni kurefu, na macho hayana kazi ila kutazama: ziwa, kilima, watu wa meza ya pili. Hakuna anayedhani kwamba kwa kutazama tu ameingia deni.

Huenda amekosea. Anayemtazama mtu kwa makini, akaichukua sura yake na kwenda nayo, anadaiwa nini na mwenye sura? Dini zimelijibu swali hilo kwa ukali, na falsafa ya karne ya 20 imelijibu kwa njia yake. Katika Bonde la Ufa la kati swali lenyewe lina nyumba na anwani. Nyumba hiyo ni Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, alikoishi mwanamke ambaye dunia inamjua kwa sababu ya simba.

Kabla ya simba, Joy Adamson alikuwa mchoraji wa rangi ya maji. Na kabla ya kuwa Joy alikuwa Friederike Victoria Gessner, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, katika himaya ya Austria ambayo ilikufa yeye akiwa mtoto. Leo mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Cheki. Upande wa mama yake walikuwa na viwanda vya karatasi. Alisomea piano Vienna, akajaribu uchongaji, akafikiria udaktari, hakuna kilichoshika. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, na kivuli cha Wanazi kilipozidi kuitambaa Austria wenzi hao wakaanza kutafuta pa kuhamia. Mwaka 1937 mke alitangulia kuja Kenya kuipima nchi. Melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Ndoa ya kwanza ikavunjika, na ya pili ikafungwa 1938, mwaka uleule Hitler alioimeza Austria. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na ndiye aliyemhimiza achore mimea.

Rangi ya maji haina huruma. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hupaka juu ya kosa na maisha yakaendelea. Wa rangi ya maji hana nafasi hiyo, maana rangi yake ni nyepesi kama chai ya mkandaa na kilicho chini huonekana. Nyeupe haitoki kwenye kichupa. Ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Anayetaka kuchora ukingo wa Elmenteita, ambako magadi hukauka na kuacha ukoko mweupe, lazima aamue kabla ya kulowesha brashi ni wapi hatapagusa kabisa. Akisahau, pamepotea. Halafu kuna hewa. Bonde hili liko juu sana kutoka usawa wa bahari, jua lake ni kali, na upepo wa alasiri huja na vumbi. Rangi ambayo London ingebaki mbichi hata mchoraji akaichezea, hapa hukauka kabla hajatia brashi majini mara ya pili. Ua nalo halingoji. Likishakatwa huanza kulegea, petali zikajikunja, rangi ikafifia. Mchoraji wa mimea hukimbizana na vitu viwili vinavyokauka kwa pamoja.

Joy aliimudu mbio hiyo. Mwaka 1938 alikuwa kwenye vilima vya Chyulu katika msafara wa kukusanya mimea, na katika miaka iliyofuata michoro yake ilipamba vitabu vya mimea na bustani za Afrika Mashariki. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell. Ukiiona michoro hiyo huoni majigambo. Kila kikonyo kimefuatwa hadi kinapoungana na shina, kila unywele wa jani umehesabiwa, na mchoraji mwenyewe hayumo.

Simone Weil, mwanafalsafa wa Kifaransa aliyezaliwa 1909, mwaka mmoja kabla ya Joy, na ambaye yeye pia aliikimbia nchi yake kwa sababu ya Wanazi, alifundisha kwamba umakini uliotakaswa kabisa ni sala. Si umakini wa kukunja uso na kukaza misuli. Ni ule wa kujiondoa njiani ili kitu kinachotazamwa kije kama kilivyo, bila kusukumwa na haja za mtazamaji. Weil alifariki Uingereza 1943, akiwa na miaka 34. Kwa kipimo chake michoro ya maua ya Joy ni kitu cha karibu sana na ibada, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kanisani na, kwa ushuhuda wa waliomjua, hakuwa mtu rahisi kukaa naye.

Mazingira aliyoyaingia hayakuwa ya watawa. Juu ya Gilgil, kati ya mlima Kipipiri na safu ya Nyandarua, bonde la Wanjohi lilikuwa limejipatia sifa tangu miaka ya 1920 kama makao ya Waingereza wa ukoo bora waliokuja kuishi bila kujali desturi za kwao: pombe, dawa za kulevya, wake na waume wa kubadilishana, na muda mwingi usio na kazi. Wenyewe waliliita bonde la furaha. Hayo yote yalitua mahakamani baada ya mmoja wao, Lord Erroll, kukutwa ameuawa ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi tarehe 24 Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa na mapenzi na marehemu, alishtakiwa akaachiliwa. Joy hakuwa wa kundi hilo. Lakini mwambao wa Naivasha ulikuwa na kundi jingine, lenye sanaa zaidi na kashfa kidogo. Giselle Bunau-Varilla, Mfaransa aliyejifunza uchongaji kwa Rodin, alijenga nyumba hapo pamoja na mumewe Mwitaliano, Mario Rocca. Binti yao Mirella Ricciardi alikuja kuwa mpiga picha, na kitabu chake cha 1971 kuhusu Afrika inayotoweka kilizunguka dunia. Alan na Joan Root, watengenezaji wa filamu za wanyamapori, waliishi kando ya ziwa hilohilo. Joy na mume wake wa tatu, George Adamson, wakaipata nyumba yao ya Elsamere katika miaka ya 1960.

Kwa nje ni ndoto ya kila msanii: migunga yenye magome ya manjano, viboko wanaotoka kula majani usiku, jirani mchongaji, jirani mpiga picha, na hakuna wa kukuuliza kwa nini umeolewa mara tatu.

Uhuru huo ulikuwa na mwenye kuulipia. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ili ardhi igawiwe walowezi. Waliopelekwa Laikipia waliahidiwa kwamba mkataba huo ni wa kudumu, na baada ya miaka saba tu wakahamishwa tena kwenda kusini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni wa siku ya tatu alimpa mwenyeji jembe akaenda kukaa kibarazani. Kikopey yenyewe ilikuwa ranchi ya Galbraith Cole, shemeji yake Delamere. Mwaka 1911 Cole alimpiga risasi mtu aliyemshuku kuiba kondoo, na mtu huyo akafa. Jopo la walowezi wenzake likamwachilia. Gavana, kwa shinikizo la London, akamfukuza nchini. Cole alirudi wakati wa Vita vya Kwanza, akaishi hapo mpaka alipojiua 1929, na kaburi lake linatazama ziwa. Mwandishi Karen Blixen alimwandika kama shujaa asiyejua kusema uongo hata ili ajiokoe. Katika simulizi nyingi za tukio hilo aliyeuawa hubaki Mkikuyu mmoja, basi.

Ni katika nchi ya namna hiyo ambapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi mpya: awachore watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya asili, kabla vitu hivyo havijatoweka. (Serikali na wamisheni ndio waliokuwa wakivitowesha, lakini hilo halikuandikwa kwenye mkataba.) Aliifanya kazi hiyo kwa miaka, kutoka pwani hadi Turkana, akitumia brashi ileile na jicho lilelile la maua. Mahali pengi mavazi yalikuwa yameshafungwa masandukuni. Wazee walilazimika kuyatafuta, kukumbuka namna ya kuyavaa, kisha kukaa kimya kwa saa nyingi mbele ya mgeni. Mamia ya picha zilitoka humo. Nyingi ziko Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, nyingine zikapamba kuta za Ikulu, na mwaka 1967 Joy alichapisha kitabu kuhusu watu wa Kenya kilichotokana na kazi hiyo.

Hapa ndipo jicho la mimea linapoanza kuleta matatizo. Mmea ukichorwa kwa ajili ya sayansi hauchorwi mmea mmoja. Mchoraji huchukua jani zuri kutoka kwenye tawi hili, tunda kutoka tawi lile, akaacha lililoliwa na wadudu, ili picha iwakilishe jamii nzima. Hilo si kosa. Ndiyo kazi yenyewe. Ua halidai kutofautishwa na ndugu zake. Lakini mkono uliozoea hivyo ukimgeukia binadamu, swali linalouongoza linakuwa: huyu ni mfano wa nini? Na kazi ya Joy iliagizwa hivyo tangu mwanzo, kabila kwa kabila, rika kwa rika: mzee wa hapa, bibi harusi wa pale, kijana aliyetoka jandoni, mganga. Hata pale jina la mtu lilipoandikwa, mpangilio ulikuwa wa kabila na cheo. Shanga zimechorwa kwa uaminifu usio na kifani, na mwanamke anayezivaa amekuwa kitu cha kutundikia shanga.

Serikali iliyoagiza picha hizo ilikuwa na namna nyingine ya kuwajua watu hao. Tangu baada ya Vita vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alipaswa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na historia ya ajira yake, ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kufuatia uasi wa Mau Mau, na watu wa Mkoa wa Kati na wa Bonde la Ufa wakaanza kujazwa makambini, kazi ya Joy ya kuchora ilikuwa bado inaendelea. Haisemwi hapa kwamba alikuwa wakala wa makambi. Hakuwa. Ila dola moja, katika miaka ileile, ilitaka alama za vidole za mtu kwa ajili ya polisi na taji lake la manyoya kwa ajili ya makumbusho, na katika yote mawili mtu mwenyewe hakuulizwa lolote.

Emmanuel Levinas aliyafikiri mambo haya akiwa na sababu zake. Alizaliwa Kaunas, Lithuania, 1906, akahamia Ufaransa kusoma, akapata uraia, akachukuliwa mateka wa vita na Wajerumani. Alipoachiliwa alikuta wazazi na ndugu zake wameuawa nyumbani. Katika kitabu chake kikuu cha 1961 alishikilia kwamba uso wa mtu si kitu miongoni mwa vitu. Pua, macho, rangi ya ngozi, hivyo vyaweza kuorodheshwa. Uso, kwa maana yake, ni pale mtu mwingine anaponikabili na kunizuia, na neno la kwanza linalotoka humo ni katazo la kuua. Anayebaki kuchunguza rangi ya macho ya mwenzake, alisema, hajaingia bado katika uhusiano naye. Msomaji wa Kikopey hana haja ya kwenda Lithuania kulielewa hilo. Cole aliona mwizi wa kondoo, na mwizi wa kondoo hana uso.

Ila hoja ya Levinas ikichukuliwa hadi mwisho inamwacha mchoraji bila kazi, kwani kazi yake ni rangi ya macho. Dini zimeishi na tatizo hili kwa muda mrefu zaidi, nazo zina maarifa ya vitendo.

Waislamu wa pwani wanajua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: siku ya Kiyama watengeneza sura wataambiwa wavipulizie roho walivyoviumba, nao hawataweza. Inayofuata haijulikani sana mitaani, ingawa imo katika vitabu hivyohivyo. Fundi mmoja alimwendea Ibn Abbas akamweleza kwamba riziki yake yatoka mikononi, kwa kutengeneza picha hizo. Ibn Abbas alimsomea onyo, na alipomwona amebabaika akamwelekeza: ikiwa huna budi, chora miti na kila kisicho na roho. Milango ya Lamu na Zanzibar, yenye maua na majani na minyororo lakini bila uso hata mmoja, ni watoto wa fikra hiyo. Mtu anaweza kuikataa hukumu na bado akaona jinsi ilivyopima sawasawa. Inaweka mpaka palepale ambapo mkono wa Joy ulivuka bila kubadilisha mwendo, kati ya ua na uso. Na sababu inayotolewa si kwamba mchoraji ni mwovu. Sababu ni kwamba ameanza jambo asiloweza kulimaliza: amewafanya watu wawe na macho, na macho hayo hayamwoni.

Wakristo nao walipigana juu ya hili hadi kumwaga damu. Amri iliyotolewa Sinai inakataza sanamu. Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo anayechora uso anachora kilicho tayari picha. Yohane wa Damasko, akiandika katika karne ya 8 chini ya utawala wa Kiislamu, alizitetea ikoni kwa hoja kwamba Mungu alishajionyesha katika mwili. Ugomvi ulikwisha Konstantinopoli mwaka 843 kwa ushindi wa upande wake. Kanuni moja ya mafundi wa ikoni inafaa kuzingatiwa hapa. Sura haijakamilika mpaka jina la mtakatifu liandikwe juu yake. Dhahabu inaweza kung'aa na macho yakawa yameshachorwa, lakini bila jina hiyo ni mbao yenye rangi, na haielekezi sala kwa yeyote.

Jina ndilo jambo ambalo kazi ya Joy ilikuwa na uhaba nalo, ajabu ya mtu ambaye yeye mwenyewe alipewa jina jipya na akalipenda. Wala si kwamba hakujua thamani ya majina. Mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, na watoto watatu wa simba huyo wakaletwa nyumbani. Mdogo wao akaitwa Elsa. Kitabu cha 1960 kuhusu Elsa kikauzwa kwa mamilioni, filamu ikafuata 1966, na leo Elsa ana kaburi lenye maandishi katika Mbuga ya Meru na nyumba nzima ya Naivasha imebeba jina lake. Joy alisisitiza kwamba Elsa hakuwa simba tu. Alikuwa Elsa, mwenye tabia zake, haya zake na hasira zake. Ni kweli tupu. Mzee aliyekaa mbele yake saa nyingi akiwa amevaa ngozi ya mbega alikuwa nazo pia.

Kikopey inao ushahidi wake wa jambo hilihili. Mwaka 1972 Mmarekani Shirley Strum alifika kwenye ranchi hiyo kuchunguza nyani, na kwa miaka mingi aliwafuata kwa miguu mmoja mmoja. Aliwapa majina. Peggy, jike mwenye heshima kubwa, na Ray, dume aliyetoka kundi jingine na kuhamia hapo wakati uleule ambapo Strum mwenyewe alikuwa mgeni, ni wahusika kamili katika kitabu chake cha 1987. Msomaji anamaliza akijua jinsi mhamiaji Ray alivyosogelea kundi hatua kwa hatua mpaka akakubaliwa. Ranchi ilipouzwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo, mahindi yakapandwa, nyani wakayala, na mwaka 1984 Strum akawahamisha wanyama wake hadi Laikipia. Ilikuwa kazi ya kujitolea na ya kisayansi, na hakuna haja ya kuibeza. Ila inafikirisha kwamba njia ya nyani hao ni ileile waliyopitishwa Wamaasai wa 1904, na kwamba wageni wa bonde hili wamekuwa wepesi zaidi wa kumpa jina la pekee mnyama kuliko mtu.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Bila Joy, mapambo mengi yasingekuwa na kumbukumbu yoyote yenye rangi. Picha za kamera za wakati ule nyingi zilikuwa nyeusi na nyeupe, na rangi za shanga zina lugha. Wachoraji wa leo, washonaji wa mavazi ya sherehe na watu wa tamthilia huzitumia picha hizo. Tena alikwenda alikokuwa mtu mwenyewe, akala vumbi lake, akakaa naye kiasi ambacho mpiga picha hakai. Wapo waliochorwa naye ambao nyuso zao zinamkatalia mpango wake: jicho limechoka, mdomo una dhihaka kidogo, na mtazamaji anahisi kwamba huyu ana jambo la kusema kuhusu mama huyu mwenye brashi. Katika picha hizo Levinas angeweza kusimama kwa muda. Nazo hazikuja kwa sababu ya agizo la serikali; zilikuja kwa sababu aliyekaa kitini hakukubali kuwa ua.

Kulikuwa na namna nyingine ya kufanya kazi hiyo, na aliyeionyesha alikuwa mhamiaji pia. Elimo Njau alizaliwa 1932 Marangu, chini ya Kilimanjaro, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha akaja Kenya. Mwaka 1959 alichora picha tano ukutani katika kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau: tangu kuzaliwa kwa Yesu hadi kusulubiwa. Nyuso ni za Kiafrika, na vilima ni vya Murang'a. Njau hakuuliza wanaume hawa ni mfano wa kabila gani. Aliwapa nafasi katika habari ambayo kila mmoja ndani yake anaitwa kwa jina lake. Lawama haikosekani hapo pia: kuta hizo zinawakumbuka wafu wa upande mmoja wa vita ambavyo jirani alimuua jirani, na familia za waliokufa msituni zina haki ya kuuliza picha yao iko wapi. Lakini ndiyo maana ya kumpa mtu uso. Anayeonekana anaweza kubishaniwa, na ndugu zake wanaweza kuja juu. Baadaye, 1965, Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo cha sanaa alichokiongoza kwa miongo mingi hata baada ya moto wa 1997, na alizoea kuwafundisha wanafunzi kwamba anayeiga humlaza Mungu usingizi.

Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba tarehe 3 Januari 1980. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, na dunia ikaamini mara moja kwa kuwa hadithi ilifaa. Haikuwa hivyo. Mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wake, Mturkana kijana aitwaye Paul Ekai, alitiwa hatiani mwaka uliofuata. Aliepuka kitanzi kwa sababu mahakama haikuweza kuthibitisha kwamba alikuwa ametimiza umri wa mtu mzima siku ya tukio. Mwanamke aliyechora mamia ya Wakenya aliishia mikononi mwa mmoja, na jambo ambalo mahakama haikuweza kulijua kumhusu lilikuwa umri wake.

Sheria, kwa upande wake, ina jibu lake kwa swali la nani anadai. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya mchoraji hulindwa maisha yake yote na miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki, na mkataba wa kazi ya kuagizwa unaweza kumpa haki hiyo aliyeagiza. Hadi mwisho wa 2030, basi, kuna mtu au ofisi inayoweza kukataza michoro ya Joy isinakiliwe kwenye kikombe au fulana. Sheria ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi nayo imewekwa kwa ajili ya walio hai, na waliokaa mbele ya brashi hiyo walikuwa watu wazima miaka 70 na zaidi iliyopita. Wajukuu wao wapo, Turkana, Meru, Taita, Kikopey pia, ambako mashamba ya wakulima wadogo sasa yanafika hadi kando ya lami. Baadhi yao wakipita mbele ya picha hizo Nairobi wangeweza kutaja ukoo kwa kuangalia mshono wa ngozi au mpangilio wa shanga, na mara mojamoja wangetaja mtu. Kuyaandika majina hayo ni kazi ya daftari na kalamu, na haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji kuanza mapema, kwa sababu wanaoweza kuwatambua ni wazee.